Video inakwenda, watoto wanaandika, kesho yake hawana kitu kichwani

"Assalaam alaykum. Nasomesha Biolojia Fomu Three katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, Pemba. Tumepata projekta na spika, na nimekusanya video nzuri za mzunguko wa damu, usagaji wa chakula na seli. Nikiwawekea video ya dakika 18 nawaambia 'andikeni notsi'. Nusu yao wanainamisha vichwa na kuandika kila neno wanalolidaka, picha yenyewe hawaioni. Nusu ya pili wanatazama kama wanaotazama mpira, madaftari meupe. Siku ya pili nikiuliza damu inatoka wapi na inakwenda wapi, kimya. Mwalimu mwenzangu mmoja anasema nisiwaruhusu kuandika, niwape fotokopi. Mwengine anasema kuna wanafunzi wa kuona na wanafunzi wa kusikia, kila mmoja aachiwe njia yake. Darasa lina watoto 60, kipindi ni dakika 40, video nyingi ni za Kiingereza cha Kimarekani. Wapo pia wanaoomba niwatumie kwa WhatsApp wakatazame nyumbani. Nianzie wapi?"

Wa alaykum salaam, mwalimu. Katika maelezo yako nasikia hofu kwamba wanafunzi wako ni wavivu, au kwamba hawajui kuandika notsi na umeshachelewa kuwafundisha. Hilo la kwanza liondoe moyoni. Wale wanaoandika kila neno na wale wasioandika kitu wamekwama mahali pamoja: wamepewa kazi mbili ambazo mtu hawezi kuzifanya kwa wakati mmoja, kila kundi likachagua moja. La kwanza limechagua kuandika, la pili limechagua kutazama. Ukinipa mimi video ya mada nisiyoijua, kwa lugha yangu ya tatu, na mtu anikazanie niandike huku inakwenda, sijui ningeangukia kundi gani.

Tazama hesabu yenyewe. Msimulizi wa video husema maneno kama 150 kwa dakika. Mwanafunzi anayeandika kwa mkono hufika maneno 20 hivi, na kwa Kiingereza pungufu ya hapo. Kwa hivyo hata mtoto mwenye mkono mwepesi anapoteza sehemu kubwa ya maneno. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba anapotea bila kuchagua: anaandika mwanzo wa sentensi, mwisho wake unampita, na mwisho ndiko mara nyingi kwenye sababu. Macho nayo ni hayo hayo mawili. Yakiwa daftarini hayako kwenye kioo, na katika video ya moyo nusu ya somo imo katika picha inayotembea, wala msimulizi haitaji kwa maneno.

Kuna na kiwango cha akili yenyewe. Yale tunayoyashika kichwani kwa sekunde chache wakati tunayafanyia kazi ni machache mno. Mtafiti Nelson Cowan, katika mapitio yake ya mwaka 2001, aliyakadiria kuwa vitu vinne hivi kwa mtu mzima. Sasa mhesabie mtoto wako: anashika jina jipya la mshipa, anashika mwelekeo wa damu, anatafuta spelingi ya "ventricle", anajaribu kuelewa lafudhi. Keshajaa. Sentensi inayofuata haina pa kukaa. Kitabu kingemsubiri. Wewe ungeyaona macho yake ukapunguza mwendo. Video haimsubiri wala haimwoni. Ni sawa na kumtaka mtu aandike barua huku anavuka barabara ya Darajani saa ya watu kutoka kazini.

Wale watazamaji wa mpira nao wana sababu yao. Mwaka 1984 Gavriel Salomon alichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa darasa la sita Marekani: baadhi walitazama hadithi katika filamu, wengine waliisoma hadithi hiyo hiyo. Watoto waliona televisheni ni jambo jepesi, wakaweka bidii ndogo ya akili, na walipoulizwa maswali ya kufikiri wakapata pungufu ya wasomaji. Yaani kabla picha ya kwanza haijatokea, mtoto ameshajiamulia kiasi cha kufikiri. Sisi hapa Zanzibar tumekuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka miaka ya 1990, na kwa miaka yote hiyo kioo kwetu kimekuwa cha taarabu, mpira, tamthilia na taarifa ya habari. Mtoto wa Wete akikaa mbele ya kioo anakaa kama alivyoona nyumbani watu wanavyokaa. Lazima afundishwe ukaaji mwengine.

Nimalize haraka la wanafunzi wa kuona na wa kusikia. Imani hii imeenea katika vyuo vya ualimu duniani kote, lakini mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtoto kwa "aina" yake kunampa matokeo bora. Mzunguko wa damu unahitaji picha kwa kila mtu na maneno kwa kila mtu. Mwenzako ana nia njema, ila ushauri wake utawaachia wavivu njia ya uvivu na wanakili njia ya kunakili.

Sasa jibu lenyewe: mtoto aandike wakati video imesimama. Inapokwenda, kalamu iko chini. Ukibadilisha hili moja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo, utaona tofauti.

Ili uweze kusimamisha, kwanza ikate video. Dakika 18 ni nyingi. Uchambuzi uliofanywa na Philip Guo na wenzake mwaka 2014 kuhusu masomo ya mtandaoni ya edX, kwa kutumia karibu matukio milioni 7 ya watu kutazama video, ulionyesha kuwa umakini unaanza kushuka baada ya dakika sita hivi, na hao walikuwa watu waliojiandikisha kwa hiari yao. Itazame peke yako usiku wa kuamkia somo, kalamu mkononi, utafute dakika sita zilizobeba mada. Kwa mzunguko wa damu ni pale damu inapoingia upande wa kulia wa moyo mpaka inapotoka kushoto. Historia ya ugunduzi, matangazo na muziki wa mwanzo, ruka. Kisha andika katika karatasi yako dakika na sekunde za kusimama, mara nne au tano, kila mahali wazo moja linapokamilika. Usisimamishe kwa saa, simamisha kwa wazo.

Darasani, kabla ya kuwasha chochote, chora ubaoni umbo la moyo lenye vyumba vinne bila majina, nao wachore. Andika swali moja juu yake: kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Usilijibu. Swali hili ndilo litakalowaamulia nini cha kuandika na nini cha kuacha, kwa sababu mtu asiye na swali kila sentensi kwake ina uzito sawa. Kisha wapitishe dakika zote sita, kalamu chini, mikono mitupu, watazame tu. Watoto wenye bidii watanung'unika. Waache wanung'unike.

Mara ya pili unasimama katika vituo vyako. Video ikisimama, kioo kizime au kizibe kwa karatasi, na waandike kwa dakika mbili walichokielewa, kutoka kichwani. Usiwaache wanakili maneno yaliyoganda kwenye kioo. Wakimaliza, kila mmoja atazame daftari la jirani yake aongeze alichokikosa, ndipo uendelee. Katika darasa la watoto 60 hii kazi ya wawili wawili ndiyo itakayokuokoa, maana huwezi kuyafikia madaftari yote wewe peke yako.

Tofauti ya notsi utaiona mapema. Mwanafunzi wa zamani alikuwa anaandika: "Deoxygenated blood from the body enters the right atrium through the vena" na hapo amekatika. Sasa ataandika kitu kama: "Mwilini → kulia juu → kulia chini → mapafuni (inachukua O2) → kushoto juu → kushoto chini → mwilini. Kushoto chini ukuta mnene, inasukuma mbali. Kulia inapeleka mapafuni tu, karibu." Ni mistari mitatu, tena michafu, ila sababu imo. Baada ya hapo mwulize: ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni imebeba damu ya namna gani? Wengi wamekariri kwamba kila ateri inabeba damu yenye oksijeni nyingi. Aliyefuata mishale yake mwenyewe ataona kwamba ateri ya mapafu iko kinyume, na hatolisahau kwa wepesi kwa sababu amelifikia mwenyewe.

Ufupisho waruhusu, hata ule wa kwenye simu. Najua tunapigana nao kwenye insha, na tuendelee kupigana nao huko. Lakini "kwn" badala ya kwa nini, mishale, alama ya kuongezeka na kupungua, yote ni halali katika daftari la notsi. Vijana hawa wana hati mkato tayari, wameivumbua bila msaada wetu.

Lugha ndiyo sehemu ngumu zaidi kwako, mwalimu, kuliko hata projekta. Mtihani wao ni wa Kiingereza, kwa hivyo walimu wengi wanalazimisha notsi za Kiingereza tangu sekunde ya kwanza. Mimi naona hapo ndipo tunapowapoteza. Mtoto anayeelewa kwa Kiswahili na kulazimishwa kuandika papo hapo kwa Kiingereza hana njia ila kunakili. Waachie waandike wazo kwa Kiswahili, na majina ya kitaalamu, yawe matano au sita tu, yakae ubaoni kwa Kiingereza tangu mwanzo ili wayachomeke mahali pake. Mwisho wa kipindi ndipo kila mmoja aunde sentensi mbili tatu za Kiingereza kutokana na mishale yake. Hapo anafanya tafsiri ya kitu anachokijua. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kama video inayo, yawashe katika kupita mara ya pili, kwani humsaidia anayejifunza lugha kuona neno ambalo sikio lake limelikosa. Lafudhi ikiwa nzito au spika ikiwa mbovu, zima sauti kabisa usimulie mwenyewe kwa mwendo wako. Hakuna kanuni inayosema picha ya Mmarekani lazima iende na sauti yake.

Dakika zako 40 zinatosha. Mchoro na swali dakika tano, kutazama sita, kutazama kwa vituo kama 15, kisha tano za kufunga madaftari na kujibu swali la ubaoni bila kuangalia. Zinabaki tisa za sentensi za Kiingereza. Hizo tano za madaftari kufungwa usiziuze kwa bei yoyote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha maandishi: baadhi wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukikumbuka bila kukiona. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka waliwapita. Watoto wetu wanalijua hili kutoka chuo cha Qur'ani. Ustadhi hampi mtoto aya mpya kabla hajamsikiliza ya jana, msahafu umefungwa, na kudurusu ni kazi ya kila siku. Mtoto huyo huyo akija skuli tunamwachia daftari wazi mpaka usiku wa mtihani. Basi umeme ukikatika katikati ya video, usihangaike na jenereta kwanza, waambie waandike gizani walichokiona mpaka hapo.

Kuhusu fotokopi, mwenzako hakukosea kabisa. Tafiti za Kenneth Kiewra na wengine zimeonyesha kwamba notsi za wanafunzi huwa na mapengo makubwa, na kwamba anayepitia notsi kamili za mwalimu kabla ya mtihani anaweza kufanya vizuri kuliko anayepitia zake zenye mapengo. Kwa hivyo notsi sahihi wapate, hasa wewe uliye na madarasa makubwa na vitabu vichache. Wasiwasi wangu ni saa ya kuwapa. Ukizigawa kabla ya video, wataziweka chini ya dawati na kutazama senema. Ukizigawa baada ya wao kuandika zao na kujaribu kukumbuka, zinakuwa kipimo cha kusahihishia. Njia ya katikati, ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa Fomu Three, ni karatasi yenye mifupa tu: vichwa vya habari, mchoro usio na majina, na nafasi za kujaza. Karatasi zikiwa ghali, mifupa hiyo ikae ubaoni.

Utasikia pia habari za mfumo wa Cornell, uliobuniwa na Walter Pauk katika chuo kikuu cha jina hilo Marekani: ukurasa unagawiwa safu nyembamba ya maswali kushoto, safu pana ya notsi kulia, na muhtasari chini. Ni mzuri, na ile safu ya maswali inafaa sana kwa kujiuliza ukiwa umeziba upande wa pili. Lakini nimeona madarasa ambayo watoto wanapiga mistari kwa rula dakika kumi na kuandika upuuzi ndani yake. Uanze baadaye, kama utauanza.

Usitegemee kwamba ukisema mara moja wameshajua. Mara mbili tatu za mwanzo andika wewe ubaoni mbele yao video ikisimama, na ufikiri kwa sauti: "Hili naliacha, ni mfano tu. Hili naandika, ni sababu. Hapa sijaelewa, naweka alama ya kuuliza na dakika yake, 3:40, nirudi." Baadaye wao ndio wanyanyue mikono kukuambia pa kusimamisha. Ukifika hapo, na darasa likaanza kubishana kwamba wazo limekwisha au halijakwisha, ujue ufundi umeingia. Kufikia mwisho wa mwaka punguza vituo, ondoa mifupa, uwaache wabebe wenyewe. Usikimbilie huko muhula wa kwanza.

Za nyumbani watumie, ila zisiwe kazi ya lazima. Simu ni ya mzee, bando ni la mzee, na wapo wasio na mzee mwenye simu ya kioo. Ipunguze video iwe nyepesi, na anayeweza amrushie mwenzake kwa kadi au Bluetooth bila kutumia bando. Nyumbani mtoto ana kitu ambacho darasani hana, nacho ni kidole cha kusimamisha na kurudisha nyuma. Richard Mayer na Paul Chandler walionyesha mwaka 2001, kwa video fupi ya jinsi radi inavyotokea, kwamba wanafunzi waliopewa uwezo wa kuiendesha kipande kwa kipande kabla ya kuitazama kwa mfululizo walijibu maswali ya kufikiri vizuri kuliko walioanza na mfululizo. Mwambie mwanafunzi: ukitazama dakika sita bila kusimamisha hata mara moja, hujasoma. Wanaopenda kuongeza kasi ya video ili waimalize, wakataze mpaka mada iwe ya kudurusu.

Yapo mambo ambayo ushauri wa kuandika kama huu hautayafikia. Ukiona mtoto hata kwa vituo haandiki kitu, mhamishe mbele kwanza. Akikunja macho, akinakili ubao kwa makosa au akiumwa na kichwa kila baada ya somo la projekta, zungumza na wazee wake apimwe macho hospitali. Anayegeuza sikio moja, au anayejibu vizuri maswali ya kuandikwa na kukosa ya kusikia, apimwe masikio. Na yule anayeeleza mzunguko mzima kwa mdomo bila kosa lakini mistari mitatu inamshinda kuandika, usimwite mvivu. Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho, na mwalimu mkuu wako anajua njia ya kuwafikia. Kwa upande wako, nenda kituo cha walimu kilicho karibu, uombe mshauri wa sayansi aje akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja. Mpe kazi moja tu: ahesabu mara ngapi macho ya watoto yamo daftarini wakati video inakwenda.

Madaftari usiyakusanye yote. Chukua manane kila wiki, usitoe alama za usafi, wala usisahihishe spelingi ya Kiswahili. Tafuta neno "kwa sababu", au mshale wake. Kama hulioni katika daftari hata moja kati ya manane, basi vituo vyako vya kusimamisha viko mahali pabaya, vihamishe kabla hujaonyesha video ya usagaji wa chakula.